Kazi ya mshahara mdogo: namna ya kuipima kabla hujaikubali, kujilinda ukiwa ndani yake na kuiacha bila kupoteza stahiki zako

Katika takwimu za Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja tu ndani ya wiki inayochunguzwa hahesabiwi kuwa hana kazi. Kijana aliyebeba zege Jumatatu asubuhi, kisha akakaa kijiweni mpaka Jumapili, kwa takwimu hizo ana kazi. Mwaka 2023 ILO ilihesabu vijana milioni 64.9 wa miaka 15 hadi 24 wasio na kazi duniani, sawa na asilimia 13 ya nguvukazi ya umri huo. Lakini katika nchi maskini namba hiyo huficha mengi. Pasipo fidia ya ukosefu wa ajira, kijana hawezi kukaa bure miezi 6 akichagua kazi. Anashika iliyopo, na shida yake inaingia naye kazini: malipo kiduchu, saa zisizo na mwisho, na mwajiri wa "njoo kesho".

Mwongozo huu ni wa kijana huyo. Hauwezi kuongeza ajira nchini kwake, na asiambiwe kwamba akijituma tu mambo yatanyooka. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwake, na la kwanza ni hesabu. Vijana wengi wanadhulumiwa tangu siku ya kwanza kwa sababu walikubali namba bila kuipigia hesabu.

Malipo halisi ya saa moja

Chukua pesa inayofika mkononi. Toa kila gharama ambayo usingekuwa nayo kama usingekuwa na kazi hiyo. Kinachobaki gawanya kwa saa zote ambazo kazi inakuchukua, zikiwemo za njiani na za kusubiri. Jibu ndilo malipo yako halisi ya saa moja, na ndilo la kulinganisha kazi na kazi.

Tuchukue mfano, kwa fedha ya nchi yoyote. Kazi ya ghalani inatangazwa kwa 300 kwa mwezi, siku 26, saa 8 kwa siku. Kwa tangazo hilo saa moja ni 1.44. Sasa fuata siku yenyewe. Unaingia saa 1 asubuhi, unatoka saa 12 jioni, hizo ni saa 11. Njiani ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Jumla saa 14, mara siku 26, unapata saa 364. Nauli ni 2.5 kwa siku, yaani 65 kwa mwezi. Chakula cha mchana 1.5 kwa siku, yaani 39. Vocha na bando za kupokea maelekezo ya msimamizi, 10. Sare ya 36 unayojinunulia mara moja kwa mwaka, 3 kwa mwezi. Gharama zote 117. Zinabaki 183, na ukigawanya kwa saa 364 unapata 0.50. Ni karibu theluthi moja tu ya ulichotangaziwa.

Pembeni kuna kazi nyingine ya 220 kwa mwezi, ambayo wengi wangeikataa bila kuitazama mara mbili. Inaanza saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, unaenda kwa miguu nusu saa, unabeba chakula chako, na gharama zote za mwezi ni 20. Zinabaki 200 kwa saa 260, sawa na 0.77 kwa saa. Pesa inayobaki mfukoni ni nyingi zaidi, na juu yake umepata saa 104 kila mwezi za kujifunza ufundi au kutafuta kazi bora. Saa hizo 104 ndizo zitakazokutoa hapo ulipo, na kazi ya kwanza ingezimeza zote.

Makosa ya hesabu hii yanajulikana. Watu husahau saa ya kufunga hesabu na kufagia baada ya mlango kufungwa. Husahau makato ya kuvunja vitu na ya kuchelewa, ambayo mahali pengine ni desturi ya kila mwezi na si adhabu ya nadra. Husahau ada ya kutoa pesa kwenye simu pale mwajiri anapotuma mshahara bila ya kutolea. Na kuna kosa moja linalostahili kuangaliwa kwa makini: kuhesabu mwezi kuwa wiki 4. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi una wiki 4.33. Mwajiri akisema, "Nakulipa 12 kwa wiki, ni 48 kwa mwezi," kisha akalipa 48 kila mwisho wa mwezi, kwa mwaka atakuwa amelipa 576. Kwa wiki 52 ulistahili 624. Zimepotea 48, yaani mshahara wa mwezi mzima, na hakuna aliyeinua sauti. Ukikubaliana kwa wiki, ulipwe kwa wiki.

Kibarua cha kutwa

Hapa kinachopotosha ni siku ambazo hukuitwa. Malipo ya 12 kwa siku yanaonekana mazuri mpaka uhesabu mwezi mzima. Tuseme kati ya siku 26 ulizojitokeza, uliitwa 14. Umeingiza 168. Siku za kazi ulitumia 4 kwa nauli na chakula, jumla 56. Siku 12 za kurudi mikono mitupu ulitumia nauli ya 2.5, jumla 30. Zinabaki 82. Siku za kazi zilikuchukua saa 12 kila moja pamoja na njia, yaani saa 168, na siku za kusubiri saa 5 kila moja, yaani saa 60. Ukigawanya 82 kwa 228 unapata 0.36 kwa saa.

Gharama ya kusubiri ndiyo unayoweza kuipunguza mara moja. Pata namba za simu za manyapara watatu au wanne, uwaulize jioni kama kesho kuna kazi, badala ya kwenda kubahatisha. Kwa wiki mbili andika ni saa ngapi watu huchukuliwa pale mnaposimama. Mara nyingi utakuta karibu wote huchukuliwa mapema, na baada ya muda fulani hakuna gari linalosimama. Muda huo ukipita, ondoka. Kukaa mpaka adhuhuri kwa kuwa umeshalipa nauli ni kuongeza hasara ya saa juu ya hasara ya pesa.

Malipo ya kibarua pokea siku hiyo hiyo kabla hujavua nguo za kazi. "Nitakulipa zote Jumamosi" kwa mtu usiyemjua ni mkopo unaompa bila dhamana.

Kazi ya kipande

Kushona, kufungasha, kuchambua, kufyatua tofali, kuingiza taarifa kwenye kompyuta: ukilipwa kwa kipande, utaambiwa mfanyakazi mzuri anafikisha vingapi kwa saa. Namba hiyo imepimwa asubuhi, kwa mtu mwenye uzoefu, malighafi ikiwa mezani. Omba siku moja ya kujaribu, ujipime mara tatu: saa ya kwanza, baada ya chakula, na saa ya mwisho.

Chukua kipande cha 0.12. Kwa vipande 12 kwa saa unaahidiwa 1.44. Siku yenyewe ni saa 10, na ndani yake umesubiri malighafi saa moja na nusu. Saa 8.5 zilizobaki umefanya kwa wastani wa vipande 10, kwa sababu mchana mikono inachoka. Umetoa 85. Msimamizi amekataa 9. Unalipwa 76, yaani 9.12, ambazo kwa saa 10 ni 0.91 kwa saa. Umekosa zaidi ya theluthi ya ulichoahidiwa, na hakuna dakika uliyozembea.

Kwa hiyo uliza mambo matatu kabla hujaanza. Muda wa kusubiri malighafi au umeme unalipwaje? Nani anaamua kwamba kipande ni kibovu, na wewe unakiona? Kipande kilichokataliwa kinapelekwa wapi? Swali hilo la tatu lina uzito wake. Kama kilichokataliwa kinauzwa kwa bei yoyote, kina thamani, na una hoja ya kudai sehemu yake. Mahali ambapo vibovu havirudishwi kwa mfanyakazi, idadi yake huelekea kupanda wiki oda zinapobana.

Chombo cha mtu na kazi za kwenye programu

Ukiendesha pikipiki au gari la mtu kwa malipo ya kupeleka kila siku, pigia hesabu mwezi mzima na si siku nzuri. Andika mapato ya siku 30, toa mafuta, oili, matairi, pancha, kuosha, faini na kamisheni ya programu ya simu inayokuletea abiria, kama ipo. Hesabu pia kilomita unazorudi tupu, maana zinakula mafuta sawasawa na zenye abiria. Kisha uliza swali ambalo watu hulikwepa: chombo kikiharibika, au wewe ukiugua, malipo ya siku hizo yanasimama au yanageuka deni? Yakigeuka deni, siku 4 za gereji zinaweza kukufunga miezi miwili. Liandikwe kabla hujakabidhiwa ufunguo. Na matengenezo makubwa, kama injini na gia, yawe ya mwenye chombo, kwa kuwa ndiye anayebaki na mali.

Kazi za nyumbani

Hapa hesabu huwa ngumu kwa sababu chakula na malazi vinachanganywa na mshahara, na saa hazina mpaka. Mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011 unasema mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Unabana nchi zilizouridhia, lakini hata pasiporidhiwa ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo. Hesabu kuwa kazi kila saa ambayo huruhusiwi kutoka kwa sababu unalinda mtoto au mgonjwa, hata kama umekaa. Mshahara upokee wewe mwenyewe, kwa namba yako ya simu au mkononi. Binti anayetumiwa mshahara kwa mjomba au kwa aliyemleta anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kujua kiasi kilichofika. Na usiku wa kwanza angalia kama chumba unacholala kina komeo la ndani. Kama hakina, omba liwekwe siku inayofuata.

Kabla ya kukubali: dalili za utapeli

Kijana aliyekaa muda mrefu bila kazi yuko tayari kuamini, na matapeli wanalijua hilo. Alama yao kubwa ni pesa kwenda upande usio wake: unaambiwa ulipie fomu, vipimo, mafunzo, sare au "kufunguliwa faili" kabla ya kuanza. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unasema wakala asimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka, isipokuwa kwa aina za kazi ambazo mamlaka ya nchi imezitaja. Anayelipia huduma ya wakala ni mwajiri.

Kwa kazi ya nchi za nje ongeza tahadhari. Omba mkataba kwa lugha unayoisoma, upige picha kila ukurasa, umwachie ndugu nakala. Hila inayojulikana ni kubadilishiwa mkataba baada ya kufika, ukiwa huna nauli ya kurudi. Uliza nani atashika pasipoti. Jibu sahihi ni moja tu: wewe. Kushikiliwa hati za utambulisho, kuzuiwa mshahara, na kufanyishwa kazi ili kulipa deni la safari ni miongoni mwa dalili 11 ambazo ILO inazitumia kutambua kazi ya kulazimishwa. Zikionekana mbili kwa pamoja hata kabla ya safari, usipande ndege.

Upigie simu kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Ile uliyopewa na wakala inaweza kuwa ya mwenzake aliyekaa meza ya pili.

Makubaliano ya mdomo na namna ya kuyaachia alama

Katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Ugumu wake ni ushahidi. Bosi asiyetaka kuandika mkataba mara nyingi hatakataa kupokea ujumbe, kwa hiyo jioni ya siku mliyokubaliana mwandikie hivi:

"Habari za jioni, bosi. Nashukuru kwa kunipokea. Nathibitisha tulivyokubaliana leo: naanza Jumatatu, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, kazi ya kupanga na kuhesabu mzigo. Malipo ni 50 kwa wiki, kila Jumamosi jioni. Nikibaki kazini baada ya saa 11 jioni, saa hizo za ziada zinalipwa pembeni. Kama kuna nililokosea, naomba unisahihishe."

Akijibu "sawa", una maandishi. Akinyamaza na Jumatatu akakupokea kazini, bado una kitu cha kuonyesha. Akipiga simu kwa hasira kwamba unamwandikia ya nini, umemjua mapema na kwa gharama ndogo. Usiufute ujumbe huo. Piga picha ya skrini, itume kwa mtu mwingine, kwa sababu simu huibiwa na namba hufungwa.

Ukipewa mkataba ulioandikwa, tazama kwanza muda wa majaribio. Majaribio yasiyo na tarehe ya mwisho, au yanayoanza upya kila baada ya miezi 3, ni njia ya kukuweka milele kwenye mshahara wa chini. Tazama pia kama kiasi ni kabla au baada ya makato, na kama michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa kweli. Baada ya miezi 2 nenda mwenyewe ofisi ya mfuko ukaangalie. Kukatwa kwenye mshahara na kupelekwa kwenye mfuko ni mambo mawili tofauti.

Daftari

Nunua daftari dogo lililoshonwa, si la kuchana kurasa. Weka namba kila ukurasa kabla ya kuanza. Kila siku andika mstari mmoja: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, kazi uliyofanya au idadi ya vipande, jina la msimamizi wa zamu, na pesa uliyopokea. Andika kwa wino siku hiyo hiyo. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi pembeni, usifute. Usiache mistari mitupu. Kila Jumamosi piga picha ya ukurasa wa wiki.

Daftari lililojazwa usiku mmoja kabla ya kwenda kwa afisa kazi linajulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, saa zote zimenyooka. La kweli lina kalamu tofauti, siku ya kuchelewa dakika 20, siku ya mvua, doa la mafuta. Andika hata yanayokuumiza. Kuchelewa kwako kukionekana humo, mengine yote yanaaminika zaidi.

Jambo dogo linaloharibu madaftari mengi ya wanaosema Kiswahili ni kuchanganya saa. Leo unaandika "saa 1" ukimaanisha asubuhi kwa Kiswahili, kesho unaandika "7" kama simu inavyoonyesha. Baada ya miezi 4 hata wewe mwenyewe hujui ulifanya kazi saa ngapi. Chagua mtindo mmoja, uutaje ukurasa wa kwanza.

Mshahara usipotoka

Mkataba wa ILO namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mshahara, unataka mshahara ulipwe kwa vipindi vinavyoeleweka, na mtu akiacha kazi amaliziwe hesabu yake ndani ya muda wa kuridhisha. Sheria nyingi za kazi zina kifungu kama hicho. Shida ni kwamba kifungu hakitembei chenyewe.

Amua kabla hujaanza kazi ni deni kiasi gani unaweza kumbebea mwajiri. Kwa kibarua asiye na akiba tunashauri lisizidi siku 3. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, lisizidi wiki 2 baada ya siku ya malipo. Mpaka huu una sababu. Kadiri unavyodai zaidi ndivyo unavyoogopa kuondoka ukadhulumiwa zote, na mwajiri mwenye nia mbaya analifahamu hilo vizuri. Anakulipa robo ili ubaki, deni linakua, na siku biashara inapofungwa unakuta unadai miezi 5.

Siku ya malipo ikipita, uliza kwa mdomo kwa adabu, na umwombe ataje tarehe. Siku hiyo hiyo mtumie ujumbe: "Nashukuru bosi, nimekuelewa kwamba malipo ya wiki mbili, jumla 100, yatatoka Ijumaa." Sasa deni limetajwa kwa kiasi na tarehe. Ijumaa ikipita, andika barua yenye jina lako, kipindi ulichofanya kazi, hesabu yenyewe, ulichopokea tayari, unachodai, na tarehe ya mwisho ya kulipwa, siku 7 zinatosha. Toa nakala, na anayeipokea asaini nakala yako. Akikataa kusaini, nenda na shahidi au ipige picha ikiwa mezani kwake. Lugha iwe tulivu. Barua yenye matusi au vitisho itasomwa mbele ya mpatanishi kabla ya hesabu zako.

Msiende mmoja mmoja. Wanaodai pamoja wakae, kila mmoja na daftari lake, waandike orodha moja ya majina na kiasi, watume wawili au watatu kuzungumza. Anayekwenda peke yake hufukuzwa kwa urahisi, au hulipwa kimyakimya ili awaache wenzake. Kama kuna chama cha wafanyakazi cha sekta yenu, ingieni kabla ya mgogoro. Vyama vingine havishughulikii shauri lililoanza kabla ya mtu kuwa mwanachama.

Kisha afisa kazi au chombo cha usuluhishi. Usichelewe: muda wa kufungua madai ni mfupi kuliko watu wanavyodhani, na kwa mtu aliyeachishwa kazi, katika baadhi ya nchi ni siku 30 tu. Mwajiri anayekuzungusha kwa ahadi anaweza kuwa anasubiri siku hizo ziishe. Ulizia muda huo wiki ya kwanza ya tatizo, hata kama hujaamua kushtaki.

Tatizo jingine huzuka siku ya kulipwa. Unapewa nusu, na karatasi ya kusaini inayosema umepokea stahiki zako zote na hudai kitu. Ukisaini, unaweza kuwa umefuta nusu iliyobaki. Andika juu ya saini yako: "Nimepokea 50 tu, nadai 50 zaidi." Wakikataa maneno hayo, omba kwanza nakala ukaisomewe na mtu unayemwamini. Njaa ya siku hiyo ni kali na wanaitegemea, ndiyo maana inafaa uende ukiwa na mwenzako.

Kuomba nyongeza

Rudi kwenye hesabu ya mwanzo. Malipo ya saa yana sehemu tatu: pesa, gharama na saa. Bosi asiyeweza kuongeza ya kwanza anaweza kupunguza ya pili au ya tatu. Katika ile kazi ya 300, akikulipia nauli zinabaki 248, na saa moja inapanda kutoka 0.50 hadi 0.68. Akikuachia saa 2 mapema kila siku, bila pesa yoyote, unafika 0.59 na unapata saa 52 kwa mwezi. Nenda na ombi la kwanza na la pili mkononi.

Chagua wakati ambapo kukupoteza kungemsumbua: oda zikiwa nyingi, au mara baada ya kumfundisha mgeni kazi. Siku ya mishahara isitumike, maana akili yake iko kwenye pesa inayotoka. Taja ulichofanya kwa namba: mizigo mingapi, upotevu ulipungua kiasi gani, ulisimamia zamu ngapi bila msimamizi. Ugumu wa maisha yako ni wa kweli, ila kila mwenzako anao, na bosi ameshausikia mara nyingi.

Kujifunza ufundi bila kugeuzwa mtumishi

Kabla ya kulipa ada ya chuo au ya fundi, tembelea karakana 10 za ufundi huo na uwaulize wenyewe: mara ya mwisho walimwajiri nani, ni kazi gani waliyoirudisha kwa kukosa anayeiweza, na wangemlipa kiasi gani anayeiweza. Karakana 7 zikitaja upungufu ule ule, umepata cha kujifunza. Zote zikisema zina watu wa kutosha, ada yako itatoa cheti, kazi haitakuwepo.

Uanagenzi kwa fundi wa mtaani unafundisha vizuri pale unapowekewa hatua. Bila hatua, mwaka unaisha ukileta spana na kununua chai. Pendekezo la ILO namba 208 la mwaka 2023 linataka uanagenzi uwe na makubaliano yaliyoandikwa, malipo yanayostahili, na ujuzi unaotajwa wazi. Karatasi moja inatosha. Kwa uchomeleaji, kwa mfano: miezi 2 ya kwanza kupima, kukata na kusaga, mwezi wa 4 uwe unachomelea chuma kilicholala, mwezi wa 7 kilichosimama, mwezi wa 10 cha juu ya kichwa, chini ya jicho la fundi. Miwani, kioo cha uso na glovu vitolewe na nani, liandikwe pia. Macho yaliyochomwa na mwanga wa kuchomelea huanza kuuma saa kadhaa baadaye, usiku, na fundi asiyekupa kioo hatakuwepo.

Ukikaribia hatua bila kufundishwa, mkumbushe mara mbili. Mara ya tatu tafuta karakana nyingine. Kila kazi uliyoishika kwa mikono yako ipige picha kabla na baada, uandike tarehe na ulichofanya. Katika nchi nyingi mamlaka ya ufundi stadi hupima na kutoa cheti kwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na picha hizo pamoja na barua ya fundi zinaweza kukusaidia huko.

Kuondoka

Usiache kazi mbaya siku ya hasira, na usiiache kabla hujathibitishiwa nyingine kwa maandishi. Toa notisi kwa barua, kwa muda unaotakiwa na mkataba au sheria, ukabaki na nakala iliyosainiwa. Wengi hupoteza mshahara wa mwisho kwa kutoweka bila notisi, kwa sababu mwajiri hupata kisingizio cha kudai alipwe yeye. Piga hesabu ya unachodai: siku ulizofanya mwezi huo, saa za ziada, siku za likizo ambazo hukuzitumia, na kiinua mgongo kama kipo kisheria. Mpe bosi hesabu hiyo pamoja na notisi, ili apate muda wa kubishana na namba wakati bado upo.

Barua ya utumishi, yenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza na kazi uliyofanya, iombe wiki ya notisi. Iandike mwenyewe kwa mistari minne umpelekee asaini na kugonga muhuri. Baada ya wewe kuondoka msimamizi hubadilika, simu haipokelewi, na miaka 2 ya kazi inabaki bila karatasi. Siku ya mwisho kabidhi funguo, sare na vifaa kwa orodha iliyosainiwa na anayepokea, kitu kwa kitu, na hali kilivyo. Halafu daftari lako liweke mahali pakavu mpaka muda wa madai upite.